Shemeji wa Waziri

Wafanyakazi wa Mamlaka ya Usalama wa Gesi walimpa mkuu wao mpya jina hata kabla hajaripoti kazini. Walimwita Shemeji. Mbele yake, bila shaka, alikuwa Mhandisi, au Mkuu, au Mheshimiwa kwa wale waliotaka ruhusa ya kuondoka mapema. Lakini kwenye ngazi, maabara na kantini alikuwa Shemeji, kwa sababu dada yake mkubwa, wa tumbo moja, alikuwa mke wa Waziri wa Nishati, na kila mtu alijua kiti kile kilipatikanaje.

Kilipatikana mezani. Kampuni ya kutengeneza matangi alikofanya kazi nusu ya umri wake ilikuwa imefungwa, naye akarudi nyumbani akiwa bado na nguvu na hana pa kuzipeleka. Akaanza kutengeneza mabomba ya majirani bila kuombwa. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alivumilia hadi akachoka, akamwendea wifi yake.

"Wifi, huyu mdogo wako atanimaliza. Jana amelifungua jiko langu ati analisafisha. Mpaka leo liko vipande vipande kwenye karai."

Dada mtu akacheka, lakini jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba amesikia Mamlaka haina mkuu, na kwamba mdogo wake anaijua gesi kuliko wote wanaotajwa. "Au kosa lake ni kuwa na dada?" aliuliza. Waziri akatafakari, akaona si kosa. Jina likapelekwa kwa Rais, likapita Bungeni, na mhandisi akanunua suti.

Siku ya kwanza mwanasheria wa Mamlaka, mtu mzima mwenye sauti ya chini na tabia ya kufuta miwani yake kila anapotaka kusema jambo zito, alimletea kijitabu cha sheria iliyoiunda ofisi ile. Alikuwa amekunja kona ya ukurasa mmoja.

"Mkuu, mengine utasoma mwenyewe. Hapa ndipo pa kuanzia. Waziri anaweza kukuomba jambo, lakini hana mamlaka ya kukuagiza. Na hawezi kukutoa kabla ya muhula wako wa miaka mitano kwisha, mpaka jopo la majaji likusikilize na likukute na kosa."

"Kwa nini aniagize?" mhandisi alijibu. "Tunakula meza moja."

Mwanasheria alifuta miwani, akakiacha kijitabu mezani.

Hakuwa mtu mbaya, mhandisi yule, wala hakuwa na tamaa. Alichotaka ni kitu kimoja, asimtie dada yake aibu. Mama yao alifariki wao wakiwa wadogo, na dada ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni na yeye mwenyewe akiwa bado mtoto, akamfundisha kusoma kwa kumchorea herufi kwenye majivu, akachelewa kuolewa kwa ajili yake. Kwa hiyo alifanya kazi kwa bidii ya mtu anayejua ameingia kwa mlango wa uani. Alijifunza majina ya watu hadi wafagizi. Alishuka maabara kila wiki, akasimama kando mikono nyuma, akitazama. Siku moja alifika kwenye ngazi akasikia fundi mmoja akimwambia mwenzake, "Fanya haraka, Shemeji anashuka." Waliponyanyua macho na kumkuta pale pale, walikauka.

"Si uongo," aliwaambia, akapita.

Mambo yalikwenda hivyo kwa amani mpaka ilipofika mitungi.

Huo ulikuwa mpango wa Waziri, na ulikuwa mpango mzuri. Hilo lazima lisemwe. Kila nyumba iliyokuwa ikipikia kuni ingepewa mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, bure. Waziri aliuhangaikia kwa miaka, tangu akiwa mbunge wa kawaida asiyesikilizwa na mtu. Alibisha hodi kwa wafadhili, akadhihakiwa kwenye vikao, akarudi tena. Sasa mitungi ilikuwa imefika, imejaa maghala mpaka kwenye paa, imepakwa rangi ya kijani inayong'aa. Siku ya uzinduzi ilikuwa imetangazwa na Rais mwenyewe. Kilichobaki ni cheti cha usalama cha Mamlaka, na hakuna aliyekihesabu kuwa kikwazo.

Mkuu wa maabara alimpigia simu asubuhi moja akamwomba ashuke. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni, asiyependa maneno mengi. Alimpeleka kwenye tangi la maji ambamo mtungi mmoja wa kijani ulikuwa umezamishwa, akamwonyesha kwa kidevu.

Mhandisi akainama. Shingoni mwa mtungi kilijitokeza kipovu kidogo kama kichwa cha pini, kikavimba, kikajinasua, kikapanda juu taratibu na kupasuka. Kikafuata kingine.

"Hujaufunga vizuri," alisema.

"Ufunge wewe."

Alikunja mkono wa suti, akaingiza mkono majini, akakaza mpaka kiganja kikamuuma. Akasubiri. Kipovu kikatoka.

"Ukiwa mpya hauvuji," mkuu wa maabara alimweleza. "Ila tumeufungua na kuufunga kama mtu anavyofanya jikoni kwake, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, maji ya kuoga, mara nyingi zinazotosha miezi michache. Ile pete ya mpira ya ndani inakakamaa. Hapo ukifunga, hujafunga."

"Ni huu mmoja?"

"Kama miwili katika kila kumi."

Aliomba wapime upya, kwa mitungi kutoka ghala jingine. Walipima. Aliomba wapime mara ya tatu, na safari hii akavaa koti la maabara akasimama nao kutwa, akifungua na kufunga kwa mkono wake, kama mtu anayetumaini kwamba akiitazama sana ile mitungi itaona haya. Haikuona.

Jumapili alikwenda kwa dada yake kula, kama kawaida. Baada ya chakula dada alitoa vyombo, akawaacha wanaume wawili sebuleni na chai. Mhandisi akaeleza yote. Waziri alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtu mnene mwenye macho ya usingizi, na watu wengi walidanganywa na macho yale.

"Shemeji," alisema mwishowe, "unajua mama yangu alikufa na nini?"

"Kifua."

"Moshi. Hajawahi kushika sigara mkononi, lakini daktari alisema mapafu yake yalikuwa meusi kama sufuria. Nilikuwa nakaa naye jikoni nasoma, yeye anapuliza kuni, anakohoa, anacheka, anasema mwanangu ukiwa mkubwa utaninunulia jiko lisilo na moshi. Nimekuwa mkubwa, yeye hayupo." Alizungusha kikombe. "Wako wanawake wanakohoa hivyo hivyo leo. Kila mwezi unaonichelewesha, wengine wanazikwa. Huo nao si usalama? Au usalama wenu unaanzia kwenye mtungi tu?"

Mhandisi alitua kikombe chake mezani. Alitazama zulia.

"Moshi unaua polepole, shemeji," alisema baadaye. "Gesi haina subira."

"Nipe cheti cha muda, basi. Tunagawa, na huku tunagawa yule aliyetuuzia anabadilisha hizo pete."

"Atazibadilishaje zikiwa zimeshafika jikoni kwa watu, kila kijiji?"

"Hilo niachie mimi."

Mhandisi akaomba siku chache afikirie.

"Fikiria," Waziri alisema, akimpigapiga begani. "Ila usisahau nani kakuketisha." Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemkumbusha mgeni asisahau mwavuli wake.

Nia ya mhandisi, ukweli usemwe, ilikuwa kusaini. Alijishawishi barabara nzima kurudi nyumbani. Cheti cha muda ni cha muda. Miwili katika kumi maana yake minane ni mizima. Na huenda watu wa vijijini hawatafungua na kufunga sana. Jumatatu aliagiza cheti kiandaliwe, kikaja juu ya meza yake kimepigwa chapa vizuri, kikisubiri jina tu. Akamwita mkuu wa maabara na mwanasheria. Alitegemea wambishie, ili naye apate la kuwajibu. Alikuwa ameyapanga majibu yake tangu bafuni.

Hawakumbishia. Mkuu wa maabara alikisoma cheti, akakirudisha mezani, akakinyoosha ukingo kwa kidole.

"Utasaini?" aliuliza.

"Nafikiri sina njia."

"Sawa," alisema kwa upole. "Usiumie sana, Mkuu. Ukisaini tutakuelewa. Sisi wote tunajua ulivyokuja hapa, na tunajua hukulitafuta hili. Hakuna atakayekulaumu."

Mwanasheria aliitikia kwa kichwa. Naye hakuwa na kejeli yoyote. Walimtazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa aliyekataa kula.

Walipotoka, mhandisi alikaa muda mrefu na kalamu mkononi. Dharau angeiweza. Alishaizoea, aliipitia kwenye ngazi kila siku. Kilichomchoma ni ule msamaha. Walikuwa wamekwisha kumsamehe kabla hajakosa; pengine walimsamehe siku ile ile aliyoingia na suti yake mpya, wakaendelea na kazi zao wakingoja tu siku ya kosa lenyewe ifike. Alijiuliza ni watu wangapi wengine waliokuwa wakiishi naye kwa msamaha wa namna hiyo. Alifunika kalamu. Akateremka maabara, akaomba aone tena ripoti ya vipimo, ingawa aliikumbuka yote.

Usiku hakulala vizuri, na mkewe alipoamka kujiandaa kwenda shule alimkuta ameketi jikoni, chai imepoa. Alimweleza. Mwalimu alisikiliza huku akisuka nywele zake haraka haraka.

"Wakikufukuza?"

"Sheria inasema hawawezi."

"Na wakiweza?"

"Nitarudi nyumbani."

"Kwenye mabomba," mkewe alisema. Akafunga kitambaa kichwani, akajitazama kwenye dirisha. "Basi. Nilikuvumilia na mabomba, nitakuvumilia tena. Lakini jiko langu usiliguse."

Asubuhi hiyo Mamlaka ilitangaza kwamba mitungi haijafaulu, na ikaeleza sababu kwa lugha ambayo mtu yeyote angeielewa. Sheria ilitaka matokeo yatangazwe, na mhandisi hakutaka yachakachuliwe njiani. Kabla ya kutangaza alimpigia Waziri amwambie mwenyewe. Simu ikakatwa upande wa pili. Uzinduzi ukaahirishwa. Magazeti yakaandika kwamba shemeji kamuumbua shemeji.

Dada alifika nyumbani kwake kesho yake asubuhi bila kupiga simu. Alimsalimia wifi yake, akakataa kiti cha sebuleni, akaingia jikoni na kuketi kwenye kigoda kama alivyozoea kuketi zamani alipokuwa akimpikia mdogo wake. Mhandisi akasimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani alikubeba mgongoni?"

"Wewe."

"Nani alikufundisha kusoma?"

"Wewe, dada."

"Ndiyo hayo uliyosoma? Kumvua mume wangu nguo mbele ya watu?" Sauti haikupanda, ingekuwa nafuu kama ingepanda. "Tangu jana hajala. Amekaa chumbani kama mtu aliyefiwa. Rais kamsema mbele ya wenzake. Nilikuombea kazi, mdogo wangu. Nilipiga magoti kwa ajili yako. Kwa nini hukuja kwangu kwanza? Ungeniambia, ningezungumza naye."

"Nilimwambia mwenyewe, pale pale kwako. Na kama ningekuja kwako, ungenilainisha. Unanijua."

"Ni kweli ningekulainisha. Mimi ni dada yako."

Mhandisi akaingia, akachuchumaa mbele yake. "Dada, sheria imenikinga na mumeo. Anaweza kupiga meza, anaweza kuniandikia barua, hawezi kunitoa. Lakini hakuna sheria ya kunikinga na wewe. Ukisema niondoke, nitaondoka leo. Ndiyo maana nakuomba usiseme."

Dada alimtazama. Midomo ikamcheza, ikawa kama anataka kucheka, kisha machozi yakatoka na akayafuta kwa kiganja kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi. Alinyanyuka. Hakusema aondoke. Hakusema abaki pia. Alimkumbatia wifi yake mlangoni, akampita mdogo wake bila kumgusa, na tangu siku hiyo hakuja tena wala hakupokea simu zake.

Hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko yote yaliyofuata, na yaliyofuata hayakuwa madogo. Kwanza alishauriwa ajiuzulu kwa hiari, kwa sababu za kiafya. Akajibu kwamba anamshukuru Mungu, afya yake ni njema. Kisha vitu vikaanza kukwama. Kemikali za maabara zilichelewa kuidhinishwa. Mafuta ya magari yakakauka, wakaguzi wakawa wanakwenda viwandani kwa miguu na viatu vyenye vumbi, na wenye viwanda wakawa wanawacheka getini. Mishahara ikafika nusu mwezi imepita. Mhandisi alishangaa kuona hakuna aliyelalamika kwake. Siku moja kantini mpishi alimwekea sahani na kumwambia, "Karibu, Shemeji," akashtuka, akaufunika mdomo kwa mwiko. Meza nzima ilicheka, na yeye akacheka nao. Tangu hapo waliliita jina lile waziwazi, na halikuwa na mwiba tena.

Baadaye ukaja muswada. Wizara ilipeleka Bungeni pendekezo kwamba Mamlaka iwe idara ya wizara, na kwamba mkuu wake ateuliwe na Waziri na aondolewe na Waziri wakati wowote akiona inafaa. Kamati ya Bunge ikaita watu watoe maoni. Mwanasheria alimwandalia mhandisi hotuba ndefu yenye mifano ya nchi kumi. Mhandisi akaisoma, akaisifu, akaiacha kwenye gari.

Chumba cha kamati kilikuwa na feni iliyolia na viti vyekundu vilivyochakaa. Waziri alikuwa amekaa upande wa kulia, macho yake ya usingizi yakitazama dari. Kabla mhandisi hajafungua mdomo, mbunge mmoja mchekeshaji alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tuweke wazi jambo. Huyu bwana si shemeji wa Waziri?"

Watu wakacheka. Mhandisi akangoja wamalize.

"Ndiyo," alisema. "Nililetwa pale kwa undugu. Sitaki kuwadanganya. Walikuwepo wenye sifa kama zangu ambao hawakuwa na dada wa kuwasemea. Kwa hiyo naomba mnisikilize kama mtu anayelijua shimo kwa kuwa amewahi kulikaribia. Cheti cha ile mitungi kilikuwa mezani kwangu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kama sheria ingekuwa kama mnavyotaka kuiandika leo, ningesaini. Si kwa sababu Waziri ni mtu mbaya. Mpango wake ni mzuri, na sababu yake naijua, ni sababu inayoweza kumliza mtu. Ningesaini kwa sababu ningeogopa. Mimi ni mwoga wa kawaida, waheshimiwa. Nina mke, nina nyumba, namwogopa dada yangu."

Walicheka tena, kidogo.

"Nilichokuwa nacho ni ukuta nyuma ya mgongo. Nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, nikaugusa, nikaona siwezi kurudi tena. Ndipo nikasimama. Sasa mnataka kuubomoa, mnasema mtatafuta watu jasiri. Watu jasiri hawapatikani kila mwaka. Tengenezeni kiti ambacho hata mwoga akikikalia ataweza kusema mtungi unavuja."

Aliketi. Mwenyekiti aliuliza kama Waziri ana la kujibu. Waziri alishusha macho kutoka darini, akasema hana la kuongeza, msimamo wa wizara umo kwenye muswada.

Kamati haikuukataa muswada wote. Mambo hayaendi hivyo. Kifungu cha kumpa Waziri ruhusa ya kumwondoa mkuu kilifutwa, lakini bajeti ya Mamlaka ikawekwa chini ya wizara, na hadi leo maabara ile huomba kemikali kama yatima anayeomba nguo ya sikukuu. Mwanasheria alisema nusu mkate ni heri kuliko kulala njaa. Mkuu wa maabara alisema nusu mkate ukiliwa nusu kila mwaka, utakwisha. Wote wawili walikuwa sahihi.

Pete zilibadilishwa. Aliyeuza mitungi alileta mafundi wake, wakahangaika nayo ghalani kwa miezi, na Mamlaka ikapima upya, mitungi ikafaulu, na mhandisi akatia saini siku hiyo hiyo. Alipotoka ofisini alikuwa na furaha ambayo hakujua aipeleke wapi. Uzinduzi ulifanyika baada ya mvua. Hakualikwa. Aliutazama kwenye televisheni na mkewe, akamwona Waziri akimkabidhi bibi mmoja mtungi wake, akimwelekeza kufungua na kufunga, na akamsikia akisema kwa fahari kwamba kila mtungi umepimwa na Mamlaka huru isiyomwogopa mtu.

"Umesikia huyo?" mkewe aliuliza.

"Nimesikia. Maneno mazuri."

Muhula wake ulipokwisha haukuongezwa. Hakutegemea uongezwe. Alikabidhi ofisi kwa mwanamke aliyeshindania nafasi kwa matangazo na usaili, asiye na undugu na yeyote, na kwenye makabidhiano akamwonyesha ukurasa wa sheria wa kuanza nao.

Mwaka uliofuata, akiwa kwenye kibaraza chake anasikiliza taarifa ya habari ya mchana, alisikia Rais amefanya mabadiliko madogo katika baraza la mawaziri. Shemeji yake hakuwemo. Ilikuwa sentensi moja, katikati ya habari za mvua na mpira.

Alivaa viatu. Mkewe alimuuliza anakwenda wapi, naye akamjibu. "Subiri," mwalimu akasema, akajifunga kitambaa, wakaondoka pamoja.

Uwanja wa nyumba ile, uliokuwa haukosi magari, ulikuwa mtupu. Walinzi walikuwa wameondolewa, na kibanda chao kilikuwa wazi, kiti kimepinduliwa. Dada alifungua mlango mwenyewe. Alimtazama mdogo wake kutoka juu hadi chini.

"Umekonda," alisema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wifi, humpi chakula?" Na akawashika wote wawili mikono, akawaingiza ndani.

Waziri, ambaye hakuwa Waziri tena, alikuwa sebuleni bila soksi. Simu tatu zilikuwa mezani mbele yake, na hakuna iliyolia.

"Nilikuwa nakula," alimwambia mhandisi, bila salamu. "Redio iko wazi. Nikasikia jina la mtu mwingine kwenye wizara yangu. Hakuna aliyenipigia, shemeji. Hata dereva alijua kabla yangu."

"Pole sana."

"Sikuwa na jopo la majaji mimi." Alijaribu kucheka. "Nikakukumbuka. Nikasema, yule bwana alikuwa na bahati."

Mhandisi alikuwa na maneno ya kumjibu, na yalikuwa maneno ya haki. Aliyameza. Alivuta kiti karibu, akauliza ile mitungi inaendeleaje vijijini, na mtu yule akainua kichwa. Akaanza kueleza, kwanza polepole, kisha kwa mikono miwili: wilaya zilizokamilika, kina mama waliomwandikia, kijiji kimoja ambako wanawake walikataa kuamini kwamba maji yanaweza kuchemka bila mtu kupuliza. Hakuna malalamiko ya mtungi kuvuja aliyoyapata, hata moja. Hilo alilisema akitazama pembeni, na mhandisi akalipokea hivyo hivyo, akitazama pembeni.

Walikaa mpaka jioni. Mawifi walipika, wakabishana kuhusu chumvi, wakacheka jikoni kama zamani. Wageni walipoaga, mwenye nyumba alisisitiza kuwasindikiza hadi getini, ingawa alikuwa peku. Alishika komeo la geti kubwa la chuma, akalisukuma. Halikusogea. Akasukuma tena kwa bega. Miaka yote ile lilikuwa likifunguliwa na wengine kila honi ilipopigwa.

"Nafikiri linavutwa," mhandisi alisema.

Wakalivuta wote wawili.